Hai-fai nyingine haifai: unalipia sauti au unalipia maneno?

Test zimeisha, bumu limeingia, na kama ilivyo kawaida ya kampasi, kila kona ya hosteli kuna mtu anapiga hesabu ya kununua kitu. Kwenye bloku letu wiki hii mada ni moja tu: vyombo vya muziki. Wengine wanataka sabufa ya kutikisa madirisha, wengine wameangalia video za seti za nje, zile Wazungu wanaziita hai-fai, na sasa hawalali. Mimi nasema hivi: nyingine ni hai-fai kweli, na nyingine, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, haifai tu!

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Pesa ya sauti iende kwenye spika, na akili iende kwenye chumba. Vilivyobaki vikiwa vya kutosha, vinatosha. Ukizidisha hapo unalipia maneno ya muuzaji.

Kwa nini nasema leo? Kuna mshikaji wetu wa mwaka wa pili ana laki 6. Humo kuna bumu na kuna vibarua vya likizo. Duka moja mjini limemwandikia karatasi: spika laki 2 na nusu, amplifaya laki 1 na nusu, waya wa spika wa "shaba isiyo na oksijeni" 120,000, waya wa umeme "unaosafisha sauti" 80,000. Jumla laki 6 kamili, hata nauli ya daladala haikubaki. Hajalipa bado. Jamani, theluthi nzima ya pesa imeenda kwenye nyaya! Na bumu sio zawadi, ni mkopo. Siku moja huyu bwana atakuwa kazini, anakatwa mshahara kulipia waya.

Tuanze na hizo nyaya basi. Kazi ya waya wa spika ni kupitisha umeme bila kuupunguza sana, hakuna kazi nyingine. Chukua waya laini wa kawaida wa shaba, wenye unene wa milimita za mraba 2.5. Mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.04. Spika yako labda ni ya omu 8. Yaani waya unakula kama nusu ya asilimia 1 ya nguvu. Ukiigeuza kuwa desibeli haifiki hata 0.05, na hakuna sikio la binadamu linalosikia kitu hicho. Hiyo shaba isiyo na oksijeni ipo kweli, ila kwa kupitisha umeme inaishinda shaba ya kawaida ya nyaya kwa chini ya asilimia 1. Ukiitaka faida hiyo, nunua waya mnene kidogo, kazi imekwisha.

Na dhahabu? Kati ya fedha, shaba na dhahabu, dhahabu ndiyo ya tatu kwa kupitisha umeme. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu. Kwa anayekaa pwani kwenye hewa ya chumvi, ncha ya plagi iliyopakwa dhahabu ina maana yake. Lakini haiongezi utamu wa wimbo hata chembe. Cha kuogopa dukani ni kingine kabisa: waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwangua kidogo kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba ya unene uleule.

Mnaosema "lakini wataalamu wanasikia tofauti", ngoja niwape hii. Mwaka 2007 Mmarekani James Randi, mwanamazingaombwe aliyegeuka kuwa mfichua matapeli, alisema dola milioni 1 zipo kwa atakayetofautisha, kwa masikio tu, nyaya za spika za Pear Anjou za dola 7,250 na nyaya za kawaida zilizo nzuri. Yalipigwa maneno mengi, jaribio lenyewe halikufanyika. Zawadi hiyo ilifungwa mwaka 2015 na hakuna aliyeichukua, si kwa waya wala kwa uganga.

Waya wa umeme "unaosafisha" ndio unanichekesha zaidi. Umeme umetoka kwenye mitambo mbali huko, umepita kilomita na kilomita za alumini nguzoni, umepita transfoma, umeingia kwenye nyaya za ukutani alizofunga fundi wa jengo, halafu mita 1 ya mwisho ndiyo iusafishe? Ni sawa na kuchota maji ya mtoni kwa kikombe cha dhahabu ukadhani yamechujwa. Shida ya kweli ya umeme wetu ni pale unapokatika na kurudi kwa kishindo. Hapo nunua stabilaiza ya maana au kifaa cha kukinga, na umeme ukikatika chomoa. Hicho hakibadilishi sauti, kinaokoa amplifaya.

Sasa twende kwa wazee wa sabufa, msicheke sana maana na nyie mnaingizwa mjini. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO kwa maandishi ya kung'aa. Geuza mashine nyuma usome kibandiko kidogo: inavuta wati 60. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anajua huwezi kuingiza 60 ukatoa 10,000 muda wote wimbo unapopigwa. PMPO haina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, kila mtu anaandika namba inayompendeza. Tafuta wati za RMS, na kama hazipo soma hicho kibandiko. Halafu kumbuka kitu kimoja: kuzidisha wati mara 2 kunaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji kama mara 10. Kwa hiyo kugombania wati 60 na wati 80 ni kelele za bure.

Kuna na wale wa "mafaili ya ubora wa juu". CD iliyotoka mwaka 1982 inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16. Hiyo inatosha kubeba sauti mpaka zaidi ya hezi 20,000, ambako ndiko sikio zima la kijana linakoishia. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio: watu walisikiliza rekodi za kiwango cha juu, kisha rekodi zilezile zikipitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554 walipatia 276. Hiyo ni kurusha shilingi hewani! Tusiwe waongo, mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 za aina hiyo akakuta watu wanapatia asilimia 52.3, na waliofundishwa wanapatia zaidi. Basi kitu kipo, ila ni kidogo. Nyimbo tunazorushiana kwenye simu zikabanwa na kubanwa tena ndizo zenye tofauti unayoisikia kweli. Tafuta nakala nzuri ya wimbo kabla ya kutafuta mashine mpya.

Kwa nini basi watu wenye akili zao wanaapa wamesikia? Sio waongo. Macho yanaingia kwenye kazi ya masikio. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni ya Harman spika za aina mbalimbali, mara moja wakiziona na mara moja zikiwa zimefichwa. Maksi zilibadilika. Kaseti kadogo ka plastiki ka bei nafuu kalipata maksi nzuri kalipofichwa, kalipoonekana kakashushwa. Na hao ni watu wa kazi hiyo! Ndio maana nasema changa la macho kwenye muziki linaingilia machoni na kutokea masikioni.

Sasa ya msingi ni yapi? Spika, narudia, spika. Zenyewe ndizo zinatofautiana kweli, hata kwa mtu asiye fundi. Kisha chumba. Vyumba vyetu ni tofali, sakafu ya saruji na dirisha la vioo, mwangwi mtupu. Pazia zito, godoro, rafu ya vitabu na nguo zinakula mwangwi wa sauti za kati na za juu. Besi nzito haziliwi na godoro. Chumba cha urefu wa mita 4 kina besi yake ya kama hezi 43 inayonguruma ukutani na kupotea katikati. Dawa yake ni kuhama: sogeza spika kutoka kwenye kona, sogeza kiti, sikiliza, sogeza tena. Spika zielekee kwako, zile ndogo za sauti za juu ziwe usawa wa masikio, na umbali kati ya spika ukaribiane na umbali wa kutoka kwako hadi kwa kila moja. Gharama yake ni jasho tu.

Mwenye pesa zake akitaka amplifaya ya bei ya nyumba kwa sababu ni nzuri kutazama, simlaumu. Uzuri nao unanunuliwa. Ila aseme amenunua uzuri, asitufundishe kwamba bila hivyo hatusikii. Wahenga walishamaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa yule wa laki 6, ushauri wangu: waya wa kawaida wa shaba, laki 1 iongezwe kwenye spika, inayobaki ikae kwa ajili ya kula, maana semista ni ndefu.

Na kwa anayebisha, njia ipo. Mfunge kitambaa muuzaji wako. Linganisha sauti ziwe sawa kabisa, kwa sababu inayosikika juu kidogo tu tayari inaonekana tamu zaidi, na hiyo ni janja ya madukani ya siku nyingi. Rafiki abadilishe nyaya kwa kurusha shilingi, mara 10. Akipatia 9 au zaidi, amesikia kitu, maana kwa kubahatisha hiyo hutokea kama mara 1 kati ya 93. Akipatia 5, mwambie asante, chukua pesa yako, ondoka.