Mustang na Camaro: Wacheni Kurushiana Hizo 290

Wasee, kuna mjadala haufi kwa simu zetu: Camaro Z/28 ya 1969 ama Mustang Boss 302 ya mwaka huo huo, ipi kali? Mmoja anarusha namba, ati Boss iko na nguvu ya farasi 290. Mwingine anaruka: "Z/28 pia 290!" Kisha matusi. Buda, namba ni ile ile na bado mnapigana nayo?

Na si hiyo tu inafanana. Zote ni V8 za inchi za ujazo 302, karibu lita 4.9. Silinda zina upana wa inchi 4, pistoni zinasafiri inchi 3, huku na huku. Hiyo si bahati. Mbio za Trans-Am kule Marekani zilikuwa na sheria kwamba injini isipite lita 5. Chevrolet walikuwa na 327, kubwa mno, so wakachukua bloku kama yake wakatia krenki ya 283 yenye hatua fupi. Ikatoka 302. Fundi yeyote wa Grogan angeielewa hiyo bila kuchorewa.

Halafu hiyo 290 mnayoiapia ni ya karatasi. Enzi hizo injini ilipimwa ikiwa imewekwa peke yake, bila mizigo mingi inayobeba ikiwa ndani ya gari. Mnatukanana juu ya brosha, manze.

Tofauti ya ukweli iko kwa hedi. Ford waliipa Boss hedi za muundo wa 351 Cleveland, valvu kubwa zimeinamishwa, hewa inaingia kama upepo wa Ngong. Hapo sibishi, hedi ya Boss ni noma kuliko ya Chevy. Lakini injini zote mbili zinavuta vizuri baada ya mizunguko 4,000 kwa dakika. Kwa jam ya Thika Road ungelia na yoyote.

Sasa, kama hedi ndiyo kila kitu, mbona taji la Trans-Am la 1969 lilienda Chevrolet? Mark Donohue, kwa Camaro ya timu ya Roger Penske. Mwaka wa kabla alikuwa ameshinda mbio 10 kati ya 13. Kumi! Najua watu wa Ford mtakimbilia 1970, Parnelli Jones na timu ya Bud Moore, Boss ikabeba taji. Ni kweli, heshima yao. Lakini msitaje 1970 mkinyamazia kwamba Penske na Donohue walikuwa wameshatoka Chevrolet wakaenda AMC.

Hii ndiyo inaniuma. Tukipiga kelele za namba tunafuta watu: aliyepanga springi, aliyebadilisha tairi haraka, aliyejua breki itachoka lap gani. Hata hapa mtaani ni vile vile. Mwenye gari anapost video, likes zinamiminika, na fundi aliyelala chini ya hilo gari usiku kucha hata jina hatajwi.

Mimi niko na Z/28, na sijasema kwa sababu ya 290.

Na kama bado unabisha kwamba ni chuma peke yake, cheki 1971. Taji la Trans-Am lilienda kwa AMC Javelin. Sasa niambie nani alikuwa kwa usukani.