Tamko la wenye mabucha na wapishi wa nyamapori kuhusu nyama ya nyati



Sisi wenye mabucha ya nyamapori, wachunaji na wapishi tunaofanya kazi hii kwa leseni, tumekubaliana kutoa tamko hili kwa sababu msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, na kila ukifunguliwa nyama ya nyati huingia mjini kwa njia mbili. Iko inayofika kwenye majokofu yetu ikiwa na vibali. Iko nyingine inayopita mlango wa nyuma usiku, ndani ya ndoo iliyofunikwa majani ya migomba. Msimamo wetu ni kwamba hiyo ya pili isinunuliwe, isipikwe wala isiliwe, hata ikitolewa bure.

Tanzania ndiyo nchi yenye nyati wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwananchi anayelala akisikia nyati wakivunja mahindi yake alimla mnyama huyo kwa kujificha, wakati mgeni aliyelipia uwindaji alimpiga mchana kweupe na kuondoka na pembe. Kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, zilibadilisha hali hiyo. Sasa mtu anaweza kuingia buchani, akaagiza kilo yake ya mbogo, akapewa risiti na kwenda zake bila kuangalia nyuma. Hatutaki nafasi hiyo ichafuliwe na watu wa ndoo.

Tunajua kwa nini ndoo ina wateja: bei yake ni ndogo. Ni ndogo kwa kuwa mwenye ndoo hakulipia kibali, hakununua risasi, hakukodi gari la jokofu. Alitega waya. Waya hauchagui dume mzee aliyekwisha kufukuzwa kundini. Unamnasa jike mwenye mimba, ndama, na wakati mwingine simba aliyekuwa akipita tu. Mnyama hukaa pale siku mbili au tatu akivutana na waya, na mtegaji akifika humkuta amekwisha kufa na jua limemwivisha. Katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti, kikosi maalumu cha kung'oa mitego kilichoanza kazi mwaka 2017 kimekusanya maelfu kwa maelfu ya nyaya za namna hiyo. Mnunuzi naye asidhani yuko salama kwa kuwa hakutega. Mbele ya sheria nyama hiyo ni nyara ya Serikali, iwe mbichi au iliyokaushwa, na wako watu waliohukumiwa miaka 20 jela kwa kukutwa na vipande tu.

Lakini jela si jambo linalotutisha zaidi. Linalotutisha ni kimeta. Nyati aliyekufa kwa kimeta huvimba haraka, mwili haukakamai kama inavyotarajiwa, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na njia ya haja. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati zaidi ya 100 katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya. Anayekuta mzoga wa namna hiyo porini akaona amepata bahati, akatoa kisu, amefanya makosa mawili. Kwanza amejipaka ugonjwa mikononi. Pili ameufungulia hewa: vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujifunika gamba, na vikiwa ndani ya gamba hilo hukaa udongoni miongo kadhaa vikisubiri ng'ombe wa kula nyasi za hapo. Wapishi wenzetu wajue pia kwamba mchemko wa kawaida wa sufuria hauwezi kuaminiwa kuviua. Hakuna kiungo, siki wala ndimu itakayosafisha nyama hiyo. Mzoga usiojulikana kilichouua usiguswe. Toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori au daktari wa mifugo, nao watauteketeza au kuufukia.

Wafugaji wana haki ya kutuuliza sisi pia maswali. Nyati hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka bila kuonyesha dalili, na kupe wanaomng'ata huweza kumwambukiza ng'ombe ndigana kali. Sotoka ya miaka ya 1890 iliyomaliza ng'ombe wa Wamasai ilimaliza na nyati, na dunia haikutangazwa kuwa huru na ugonjwa huo hadi mwaka 2011. Kwa hiyo tunawaagiza wanachama wetu: kichwa, kwato na ngozi mbichi yenye kupe zisishushwe karibu na zizi, na gari lililobeba nyati lisipumzike mnadani.

Kuhusu kazi ya porini, tunasema na wawindaji wenye vibali kama wenzetu. Ubora wa nyama huanza pale risasi inapoingia. Ikipita begani kwenda kwenye moyo na mapafu, nyama inasalimika. Ikipita tumboni, kinyesi kinasambaa na nusu ya mnyama inaharibika, na mwindaji aliyejeruhi nyati tumboni ana taabu nyingine ya kumfuata kichakani, taabu ambayo wengine hawakurudi kuisimulia. Dume mkubwa hufikia kilo 700 na zaidi. Mwili wa ukubwa huo hushikilia joto kwa saa nyingi, na joto hilo ndilo linaloozesha nyama kuanzia ndani, kwenye mifupa ya paja. Atolewe utumbo mara moja, achunwe, akatwe robo, robo zitundikwe kivulini penye upepo, kisha jokofu. Pande zote za jeraha la risasi zikatwe kwa upana wa kiganja na kutupwa, maana vipande vidogo vya madini ya risasi husambaa mbali kuliko macho yanavyoona. Wanaolalamika kwamba nyati ananuka, mara nyingi wanalalamikia uchunaji mbovu bila kujua.

Tunawaomba pia wawindaji wawakumbuke wateja wetu Waislamu, ambao ni wengi. Wanauliza nani alipiga, kama jina la Mungu lilitajwa, kama mnyama alikutwa hai akachinjwa. Jibu la "usijali, ni halali" halitoshi. Mwindaji aeleze kilichofanyika, bucha liandike, mteja aamue mwenyewe. Ngiri na kiboko wawe na ubao wao, kisu chao na jokofu lao. Mwanachama atakayechanganya tutamwondoa.

Sasa jikoni. Nyati hana mafuta ndani ya nyama kama ng'ombe aliyenoneshwa. Ukimtupa juu ya mkaa kama mbuzi wa kuchoma utakula kamba, halafu utasema bucha limekuuzia mzee. Shingo, mkono na mkia ni nyama za mchuzi: zipakwe tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililosagwa, zikae saa moja au mbili, si usiku kucha, kwa sababu papai likizidi nyama inageuka uji. Kisha moto mdogo, sufuria iliyofunikwa, saa tatu au nne bila haraka. Nyanya ziingie mwishoni. Pembeni ugali wa uwele au mtama, na hapo hata wakosoaji hunyamaza. Mnofu wa mgongoni unafaa mishikaki iwapo utakatwa mdogo na kupakwa mafuta, lakini uive hadi katikati. Mgeni wa hoteli anayetaka nyati anayetoka damu aambiwe hapana, kwa adabu.

Hatuuzi dawa. Hatutauza mafuta wala mfupa wa mnyama yeyote kwa madai ya tiba. Twiga, nembo ya taifa, aliwahi kuuawa kwa uvumi kwamba ubongo na uboho wake vinatibu UKIMWI, na wauza nyama waliosambaza uvumi huo walipata fedha huku wagonjwa wakichelewa kwenda hospitali. Na migahawa inayoandika "nyati" kwenye orodha ya vyakula ilhali jikoni kuna ng'ombe iache, kwa sababu kipande kikishaloa viungo mteja hawezi kutofautisha kwa macho, na anayedanganya jina atadanganya na tarehe.

Kwa kampuni za uwindaji wa kitalii: mteja wenu akichukua pembe na ngozi, nyama inabaki. Kijiji jirani kipate sehemu yake kwanza, inayosalia ifike buchani ikiwa salama, badala ya kuachiwa fisi kwa kisingizio cha umbali. Kwa Serikali: tunaomba wakaguzi wa nyama wapatikane karibu na vitalu, sio mjini tu, pamoja na majokofu ya pamoja katika wilaya zinazopakana na mapori. Mkaguzi anayekutana na nyama baada ya safari ya siku nzima anakagua iliyokwisha kuharibika.

Wasafiri wa Namanga, Sirari na Horohoro wakumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Zawadi ya nyama kavu ya nyati kwa ndugu wa upande wa pili, hata ikiwa na risiti yetu, itawaingiza matatani.

Mteja, ukifika buchani uliza mnyama alipigwa wapi, lini, na kwa kibali gani. Ukijibiwa kwa maneno bila karatasi, ondoka, na utoe taarifa ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) iliyo karibu nawe.

Limetolewa na uongozi kwa niaba ya wanachama wote.