Mkono ukigoma, cheza kwanza

Leo siongelei bei wala mkopo. Naongelea ile siku umekaa na vifaa vyako vyote mbele, rangi ipo, brashi ipo, halafu kichwani hamna kitu.

Mi ni mchoraji wa hapa Busisi, upande wa Sengerema. Naandika mabango ya maduka, naandika majina kwenye mitumbwi, na nachora picha ndogo za kuuza. Kwa miaka mingi kibanda changu kilikuwa karibu na kivuko. Mnaoijua njia hii mnaelewa: magari yamepanga foleni, abiria kashuka, kala hindi la kuchoma, kachoka kuangalia maji, sasa anatafuta kitu cha kuangalia. Hapo ndipo nilipokuwa namkamata. Mtumbwi na jua linazama, twiga wawili, mama na beseni la dagaa. Picha zilezile kila wiki, na zilitoka.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la JP Magufuli likazinduliwa. Kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, gari linapita dakika chache tu lipo Kigongo. Simlaumu mtu. Mgonjwa anayekimbizwa Mwanza usiku hana haja ya twiga wangu. Lakini foleni ndiyo ilikuwa duka letu, na foleni ikaisha.

Nikahamia pembeni ya barabara. Nikakopa laki moja na nusu kwenye kikoba, nikanunua hadibodi na rangi, nikajiambia sasa nabuni vitu vipya, vya kumfanya mtu asimamishe gari. Nikakaa. Wiki tatu. Nachora mtumbwi, nafuta. Nachora daraja, linafanana na ngazi iliyolala, nafuta. Rangi ya bluu ikaanza kuweka utando juu ya kopo kama maziwa yaliyopoa. Na rejesho la kila Jumamosi lenyewe halikupoa.

Kwenye kurasa kama hizi ushauri huwa ni wa aina mbili. Wa kwanza: ingia kwenye simu, tafuta kinachouzika, nakili. Nilijaribu. Nikachora simba niliyemtoa kwenye simu, akatoka sawasawa na simba wa wenzangu wanne barabara nzima, na mteja akatushindanisha bei mpaka tukabaki na gharama ya rangi tu. Ushauri wa pili: pumzika, hamu itarudi yenyewe. Hamu hairudi kwa mtu anayedaiwa, tusidanganyane.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaocheka: mkono ukigoma, cheza. Yaani cheza kweli, kama mtoto, nusu saa, kabla hujagusa ubao wa kuuza. Na huo mchezo uuhesabu kama kazi, sawa na kuosha brashi.

Kilichonifundisha ni binti yangu, ana miaka 7. Jioni moja alikuwa anachora na mkaa kwenye boksi la sabuni, mimi nimekaa na ubao wangu mweupe. Ndani ya dakika kumi kamaliza pande zote nne za boksi. Mi sina hata mstari. Nikajiuliza ananizidi nini huyu. Kipaji? Hapana. Boksi lake lilikuwa bure! Ubao wangu ulikuwa hela ya kikoba, kwa hiyo kila nikitaka kuvuta mstari naona rejesho. Mkono haukuwa mvivu, ulikuwa unaogopa.

Tukaanza kucheza wote. Mchezo tulioupenda ni wa kukunja karatasi. Unakunja mara tatu. Wa kwanza anachora kichwa, anaficha, anaacha vistari viwili tu vya shingo vikionekana. Wa pili anachora tumbo bila kujua kichwa ni cha nani. Wa tatu miguu. Halafu mnafungua. Sisi tulikuwa watatu na mama yake, na siku ya kwanza tulipata kondoo mwenye tumbo la bajaji na miguu ya kuku. Mke wangu alicheka mpaka akaacha maharage yakaungua kidogo. Baadaye nikajua kumbe mchezo huu haukuwa wa watoto peke yao: mwaka 1925 kule Paris, Ufaransa, kundi la washairi na wachoraji walikuwa wanakaa usiku wanacheza hivyohivyo, watu wazima na majina yao. Faida yake ni kwamba huwezi kupanga. Kichwa chako kimezoea twiga, mwenzako anakuletea tumbo la bajaji, sasa utafanyaje? Unabuni.

Mwingine ni wa doa. Mwaga chai kidogo kwenye kipande cha boksi, kiache kikauke, kigeuze pande zote, tafuta mnyama. Leonardo da Vinci, yule wa Italia, aliandika kabisa kuwashauri wachoraji waangalie kuta zenye madoa wakatafute humo milima na vita. Sisi hata hatuhitaji ukuta. Tuna miamba. Ukienda mjini Mwanza, simama dakika tano uangalie yale mawe yaliyobebana. Binti yangu ameona bibi amejifunika khanga pale ambapo mimi kwa miaka arobaini nimeona jiwe.

Nilijaribu pia kuchora nimefumba macho. Sikupata kitu, nilichafua shati tu. Kwa mkono wa kushoto ni afadhali kidogo: mistari inatetemeka, lakini sura za watu zinatoka na uhai.

Kuna na huu wa kujinyima. Rangi moja, mistari kumi, basi. Hapa nimkumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja Dar es Salaam, akaanza kuchora mnamo 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Alifariki 1972. Miaka minne tu hivi, na leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake. Siku hizi nikilalamika sina rangi ya kutosha najiona mjinga.

Ila nimejiwekea masharti, na hapa ndipo wengi mtakosea. Mchezo ufanyike kwenye mabaki: boksi, gazeti, kipande cha plaiwudi cha kwa fundi seremala. Siku hiyo hakiuzwi na hakipigwi picha ya kuweka status. Ukishaanza kuhesabu nani kapenda, woga umerudi. Vingi vyangu vimewasha jiko. Na nusu saa iwe nusu saa, maana mchezo nao ni mtamu, unaweza kukuta jua limezama hujaandika bango la mtu aliyekupa kianzio.

Sio wachoraji tu. Fundi cherehani anaweza kufanya hivi na vipande vya vitenge vilivyobaki, achanganye alivyoamini havichanganyiki. Msusi ana kichwa cha mdogo wake.

Sasa niseme ukweli, maana sitaki mtu aje kunidai. Mchezo haukurudisha foleni ya kivuko. Mauzo yangu bado hayajafika yalipokuwa. Kama wateja wamehama, hama, hakuna kukunja karatasi kutakakokuokoa. Kilichorudi kwangu ni mkono. Mwenye mtumbwi mmoja alikuja kuandikiwa jina, akakuta karatasi yetu chini, sato mwenye miguu ya kuku anakimbia juu ya maji. Akasema nichoree huyo huyo ubavuni. Nikamtajia 25,000 juu ya bei ya jina, akatoa. Mke wangu anadai ile miguu aliichora yeye, na hela ya miguu nimeshamlipa kwa vitenge.

Baada ya hapo nikapata wazo la vitendawili. Vya kwetu, vile vya jioni. Nachukua kitendawili, nachora kinachosemwa bila kuchora jibu. Nyumba yangu haina mlango: nachora nyumba nyeupe ya mviringo, na familia imesimama nje inaizunguka inatafuta pa kuingilia. Hizi nazichora kwenye ubao wa kuuza, lakini zote zimeanzia kwenye boksi. Mbili zimeharibika kabisa, moja ya jeneza la mtama mpaka leo sielewi nilitaka nini.

Wiki iliyopita kasimama kaka mmoja na gari dogo, anatoka Geita. Kaangalia picha ya kuku amekaa katikati ya miiba, kaikazia macho.

"Fundi, huyu kuku kafanyaje?"

"Kuku wangu katagia miibani," nikamwambia. "Tegua."

Akajaribu mara tatu. Sungura, akasema. Nungunungu. Mchongoma. Mkewe ndani ya gari anacheka, kashajua ni nanasi lakini hasemi.

Akashindwa. Nikamwambia basi toa mji. Akauliza mji shilingi ngapi, nikamwambia elfu thelathini, akatoa.