Uzee wa Mgeni na Uzee wa Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwaka 2020 mgeni hakuja, na mwenyeji akaona kwa macho yake jinsi riziki yake ilivyokuwa imening'inia kwenye uzi mwembamba. Leo twapenda kusema na wanachama na wafanyakazi wenzetu juu ya jambo moja lililofunuliwa na mwaka ule, nalo ni jambo la uzee. Twaandika tukiwa Misigiri, Wilaya ya Iramba, mahali ambapo njia ya Kiomboi inaachana na barabara kuu iendayo Nzega. Hapa hakuna bahari wala hoteli za watalii. Hata hivyo, habari yenyewe yaanzia Unguja na kuishia hapa hapa.

Kwa miaka mingi wastaafu wa Ulaya wamekuwa wakija kukaa katika pwani ya Afrika Mashariki. Wengine wako Unguja, katika vijiji vya Nungwi, Paje na Jambiani. Wengine wako Malindi, Watamu na Diani, katika nchi jirani ya Kenya. Wamemaliza kazi kwao, wakapenda jua na upepo wetu. Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, wengi walirudi makwao, na wengine walibaki. Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nje mwishoni mwa Machi 2020, na tangu Aprili 8 ikafunga Mombasa, Kilifi na Kwale, mtu asiingie wala asitoke, Kilifi na Kwale mpaka Juni, na Mombasa mpaka Julai. Tanzania haikuwafungia watu wake ndani, lakini ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa katikati ya Aprili mpaka Mei 18. Hoteli nyingi za Unguja zilifunga milango. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 260,000 tu.

Hatusemi kwamba wazee wale wa kigeni hawakupata taabu. Umri wao uliwaweka mbele ya hatari kuliko vijana. Watoto wao walikuwa mbali, na njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Wala si wote matajiri: Mwingereza anayestaafia Tanzania au Kenya hapati nyongeza ya kila mwaka katika pensheni ya serikali yake. Tuwahurumie kama wazee wengine. Lakini lipo jambo moja ambalo halikuwapungukia. Mwezi ulipokwisha, pensheni iliingia. Bahari ilikuwa tupu, uwanja wa ndege ulikuwa kimya, na pensheni iliingia.

Sasa tumtazame mpishi, mtandika vitanda, mlinzi na dereva. Wengi wa hao wanatoka Bara, na wapo vijana waliotoka mikoa ya kati kama huu wetu. Hoteli ilipofungwa waliambiwa waende likizo, na likizo isiyo na mshahara ni jina la heshima la njaa. Na njaa hiyo haikukaa pwani. Kijana afanyaye kazi Paje huwapelekea wazazi wake fedha kwa simu. Fedha hiyo ndiyo mbolea ya alizeti, ndiyo dawa ya baba, ndiyo sabuni ya mama. Mlango ukifungwa kisiwani, mzee wa Iramba hulala bila chakula cha jioni, ingawa hajaiona bahari maisha yake yote.

Hapo ndipo tunapowajibu wanaosema kwamba Mwafrika hahitaji pensheni, kwa kuwa pensheni yake ni watoto wake. Maneno hayo ni matamu, na yana ukweli ndani yake. Lakini mwaka 2020 watoto wenyewe ndio waliokosa kazi. Mzigo wa mzee ukiwekwa juu ya bega la kijana mmoja, kijana akianguka wote wawili wamekwisha.

Tujiulize basi, pensheni ya mgeni ilitoka wapi? Haikushuka kama mvua. Ujerumani ilitunga sheria yake ya bima ya uzee mwaka 1889: mfanyakazi alitoa sehemu, mwajiri akatoa sehemu, na serikali ikaongeza, na mzee akalipwa alipotimiza miaka 70. Katika mwaka huo huo wa 1889, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yakipigana na Abushiri bin Salim katika pwani yetu, na mwezi wa Desemba wakamnyonga Pangani. Tena si mbali na hapa tulipo, Wajerumani walichimba dhahabu ya Sekenke, na mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu hiyo ikapigwa sarafu Tabora. Mwaka huo huo wa 1916 umri wa pensheni Ujerumani uliteremshwa kutoka miaka 70 hadi 65. Mchimbaji wa Sekenke hakuwamo katika sheria ile. Twayakumbusha haya ili ijulikane kwamba raha ya uzee ni kazi ya sheria na michango ya miaka mingi. Kilichowezekana kwao hakikatazwi kwetu.

Wala hatukukaa bure. Tanganyika ilianzisha akiba ya wafanyakazi mwaka 1964, na sheria ya mwaka 1997 ikaigeuza kuwa Mfuko wa NSSF unaotoa pensheni. Lakini yatupasa kutazama hesabu zake. Ili mtu apate pensheni ya uzee ya NSSF, yafaa awe amechangia miezi 180. Mfanyakazi wa msimu, aajiriwaye miezi 6 kila mwaka, atahitaji miaka 30 kuifikisha. Na mama lishe auzaye chakula kando ya barabara hii ya malori hana mwajiri wa kumchangia hata mwezi mmoja. Watu wa namna yake ndio wengi katika nchi.

Zanzibar imetuonyesha njia. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa mvuvi, mkulima au karani, bila kuulizwa alichangia nini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani shilingi 240,000 kwa mwaka. Kiasi ni kidogo, lakini kilikuja kila mwezi, hata katika mwaka ule wa korona. Kenya nayo iliwaingiza wazee wake wote wa miaka 70 mwaka 2018. Kisiwa kilichozoea kupokea wastaafu wa Ulaya kimewakumbuka wastaafu wa jembe na wavu. Twauliza kwa adabu: mzee wa Misigiri amekosa nini hata asikumbukwe vivyo hivyo?

Twajua jibu litakalotolewa, kwamba Bara ni kubwa na wazee ni wengi. Ni kweli. Lakini jambo likiwa zito hugawanywa, halitupwi. Laweza kuanza na wenye miaka 75, na kwa kiasi kidogo, kisha umri ukateremka kadiri mapato yanavyopanda. Wajerumani nao walianza na umri mkubwa, kisha wakateremka.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Waajiri wa hoteli wawaandikishe wafanyakazi wote, na wa msimu wasiachwe nje. Wafanyakazi nao wasingoje kustaafu ndipo waulize: kila mmoja aitazame hesabu yake ya michango mwaka huu, na chama cha wafanyakazi kimsaidie asiyejua pa kuanzia. Na wanachama wanaokaa katika mikutano ya vijiji na wilaya walifikishe juu jambo la pensheni ya wazee wote wa Bara, mpaka liingie katika bajeti.

Ugonjwa mwingine utakuja, au ukame, au vita ya mbali itakayozuia ndege. Siku hiyo mgeni atangoja mwisho wa mwezi kwa utulivu. Twataka na mwenyeji awe na kitu cha kungojea.