Anayepigwa kalamu ana haki ya kuambiwa mapema

WAHENGA walilonga kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiwataka wanafunzi wangu wanieleze maana yake ya nje na ya ndani. Sikujua kwamba ingefika siku methali yenyewe inifunze mimi.

Hivi majuzi nilikuwa katika pilkapilka za kuhama kutoka mtaa wa South B, Nairobi, kuelekea Kitengela. Mwenye nyumba ya zamani nilikuwa nimekwisha kumwarifu kwamba naondoka, na mpangaji mwingine alikuwa amekwisha kuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Kule nilikokuwa nikienda nilikuwa nimelipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana. Vitabu vilikuwa katika maboksi, vyombo katika magunia. Ndipo ulipotufikia waraka kazini: kutokana na hali ngumu ya kifedha, nafasi za wafanyakazi zitaangaliwa upya, na baadhi yazo huenda zikaondolewa. Nafasi zipi? Lini? Kwa kigezo gani? Waraka haukusema.

Msomaji mpendwa, Kiswahili kina kitenzi kuhama na kitenzi kuhamia. Kinachovitenga ni irabu moja tu, lakini irabu hiyo ndiyo inayobeba mahali pa kwenda. Siku ile nilifahamu kwamba mtu anaweza kulazimika kuhama hali hajui kama atamudu kuhamia. Kurudi nyuma sikuweza, maana nyumba ilikuwa na mwenyewe mpya. Kusonga mbele niliogopa, maana kodi hailipwi kwa shahada ya uzamifu, hulipwa kwa mshahara.

Kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, nilianza kuyachunguza maneno tunayotumia kuelezea janga hili. Husemwa kwamba fulani ameachishwa kazi. Kitenzi hicho kina kiambishi cha kusababisha na kiambishi cha kutendwa, lakini aliyesababisha hatajwi. Husemwa pia kwamba amepigwa kalamu. Hapo angalau twaonyeshwa chombo kilichotumika, ijapokuwa mkono ulioishika kalamu umefichwa. Ajabu kubwa zaidi ni ule msemo kwamba fulani amemwaga unga. Tazama jinsi lawama ilivyogeuzwa! Mfanyakazi aliyeondolewa kwa sababu hazina ya mwajiri imekauka ndiye anayefanywa mtenda, kana kwamba aliukosea unga wake mwenyewe kwa uzembe.

Lugha hii si mchezo. Inatufundisha kuona haya kwa kosa ambalo hatukulitenda. Mimi mwenyewe niliona haya. Kwa muda wa siku nne niliendelea kufunga maboksi bila ya kumwambia mke wangu lolote kuhusu waraka ule. Nilipomweleza, hakulia wala hakunilaumu kwa kilichotokea kazini. Alisema tu, "Baba Neema, ungeniambia kabla hatujalipa lori." Neno hilo liliniingia. Nilikuwa nimemtendea yeye vile vile mwajiri wangu alivyonitendea mimi: nilijua kitu kinachomhusu, nikakinyamazia.

Kesho yake tulifunga safari hadi Kitengela kumwona mwenye nyumba mpya, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Tulimweleza ukweli. Akauliza, "Mwalimu, barua yenyewe umepata?" Nikamjibu kwamba bado. Akafikiri kidogo, kisha akatuonyesha nyumba ndogo zaidi katika ploti iyo hiyo, kodi yake nafuu, akakubali amana ihamishiwe huko. "Bora umesema mapema," akasema. Hivyo tukahamia, ingawa meza yangu ya kuandikia haikuingia mlangoni, nikampa jirani.

Jambo hilo lilimalizika katika alasiri moja kwa sababu kila mmoja alijua alilopaswa kujua. Kwa nini basi waajiri wengi, na hasa waajiri wa wasomi, hushindwa kufanya alivyofanya mzee yule?

Watetezi wao watasema kwamba taarifa ya mapema huzua hofu, na kwamba wafanyakazi hodari watakimbilia kwingine kabla mipango haijakamilika. Hoja hii ina uzito, lakini hauzidi uzito wa ukweli. Hofu huzuka vile vile; tofauti ni kwamba pasipo taarifa hofu hiyo hulishwa na uvumi. Mhadhiri asiyejua kama atakuwapo muhula ujao hasahihishi insha kwa utulivu. Anayesimamia tasnifu hajui kama ataiona ikikamilika. Anayeumia mwishowe ni mwanafunzi, ambaye hata waraka hakuandikiwa.

Isitoshe, sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu nafasi zao hazihitajiki tena ampe taarifa afisa wa leba pamoja na chama cha wafanyakazi angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiasi cha upunguzaji huo. Asiye mwanachama huarifiwa yeye binafsi kwa maandishi. Wa kuondoka hawachaguliwi kwa chuki wala kwa ukoo: huzingatiwa muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo isiyochukuliwa hulipwa kwa pesa taslimu. Zaidi ya hayo, kuna ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Aliyetumikia miaka 12, basi, ana haki ya malipo ya siku 180. Hiyo si sadaka.

Ni wangapi kati yetu, sisi tunaojiita wasomi, wanaokijua kifungu hicho? Mimi nilikisoma kwa makini nikiwa nimekalia boksi la vitabu. Twasahau kwamba haki hizi zina gharama. Mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai chama chao kisajiliwe, na usajili wa UASU haukupatikana hadi mwaka 2003. Nilikuwa ningali shuleni wakati huo, nikiwasikia watu wazima wakinong'ona kuhusu mpango wa kupunguza watumishi wa umma. Walinong'ona wakati ule, na leo tungali twanong'ona.

Rai yangu kwa waajiri ni fupi. Mkipunguza watu, semeni ni nafasi ngapi, lini, na kwa kigezo gani. Na aliyeamua aweke jina lake. Kwa walimu wenzangu nasema: kisomeni kifungu cha 40 kabla hamjakihitaji, msiwafiche wa nyumbani kwenu, na msimsahau mwenzenu anayefundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, ambaye mara nyingi hugundua ameachwa pale tu jina lake linapokosekana katika ratiba. Nanyi wanafunzi, mnapoandika insha kuhusu ukosefu wa kazi, jiulizeni kila mara: mtenda yuko wapi katika sentensi hii?

Hadi naandika makala haya, barua sijaipata. Maboksi matatu sijayafungua.