Karanga za Fizi: kisingizio cha sheria kimekwisha

SWIMA, Fizi – Mama wa Swima anayekaanga karanga, kuzitwanga na kumtilia mtoto kwenye uji hajawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini huko Ufaransa, karanga iliyosagwa ilikuwa na mwenyewe kwa karibu miaka 20.

Ni Plumpy'Nut, ile pakiti ambayo kituo cha afya kinampatia mtoto mwenye utapiamlo mkali: gramu 92, kalori 500, ndani yake karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Daktari André Briend na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset waliibuni mwaka 1996. Kisha ikachukuliwa hataza, ile wengi wanaita breve, inayozuia wengine wasitengeneze kitu hicho.

Mwezi wa 12 mwaka 2009, mashirika mawili ya Marekani, Breedlove Foods na Mama Cares, yalipeleka mashtaka mahakamani Washington. Yalidai kwamba karanga yenye vitamini si uvumbuzi, na sheria hailindi jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria. Briend mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia kutoka kwa Nutella, ile ya kupaka mkate.

Ukweli usemwe. Maziwa ya tiba ya F-100 yalihitaji maji safi, na mtoto alilazwa hospitalini. Pakiti hii haina maji ndani, imefungwa vizuri, vijidudu havipati nafasi, na mama hapiki. Kwa familia iliyokimbia vita na kulala chini ya shitingi, hilo si jambo dogo.

Lakini je, jambo jema lifungiwe kwa kufuli wakati watoto wanakufa? Mwaka 2010 Nutriset ilifungulia watengenezaji wa nchi maskini mlango, kwa malipo ya asilimia 1 ya mauzo. Basi kufuli lingeweza kulegezwa mapema.

Leo muda wa hataza umekwisha. Anayeendelea kusema "sheria inakataza" anadanganya raia. Kilichobaki ni kazi: kukausha karanga vizuri zisiingie sumu ya ukungu, maabara ya kuzipima, umeme, na barabara ya Uvira–Baraka inayopitika. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mashirika yenye bajeti, si ya mkulima anayepima karanga kwa kopo sokoni.

Wanaonunua pakiti kwa tani waseme hadharani: karanga ya Fizi inakosa nini ili inunuliwe? Wakisema, wakulima watajua pa kuanzia. Wakinyamaza, raia watajua kwamba shida haikuwa sheria.

Na akina mama wasidanganyike: karanga ya kinu ni chakula kizuri, si dawa. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya leo, si kesho.