Usahihi Wetu Unaishia kwenye Rangi

Sisi tunaounda vifaru vidogo vya plastiki hatusamehe. Mtu akileta T-72 aliyoishughulikia miezi minne, hatumpi hata pole ya kazi. Tunainama, tunahesabu. Magurudumu sita kila upande, sawa. Haya matofali ya baruti ya kujikinga, mbona yamepangwa hivi? Kijani hiki kimechukuliwa wapi? Kosa la milimita moja tunaliita uongo. Mimi mwenyewe nilimwambia kijana mmoja, mbele za watu, kwamba kifaru chake hakijawahi kuwepo duniani, kwa kuwa alichanganya mnara wa toleo moja na mwili wa toleo jingine. Alikifunga kwenye gazeti akaenda zake. Watu walicheka, nami nikacheka nao.

Naandika kumtaka radhi, na kusema kwamba kati yetu na yeye, waongo ni sisi.

Tuanze na kipimo, maana ndicho tunachokiapia. Vifaru vingi vya mezani huundwa kwa 1/35: sentimita 35 za chuma huwa sentimita moja ya plastiki. Anayedhani namba hiyo ilitoka kwa wahandisi wa vita amekosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Panther, kifaru cha Wajerumani, chenye mota ndani. Ukubwa wake uliamuliwa na betri: mwili ulitakiwa uwe mpana kiasi cha kuzimeza. Baadaye walipopiga hesabu, wakakuta wameangukia karibu na 1/35, na wengine wakafuata. Sidharau kazi yao, imenifunza mengi. Lakini sheria iliyoandikwa na betri haimpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha mwenzake.

Rangi nayo hivyo hivyo. T-72 iliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1973, ikaundwa pia Poland, Chekoslovakia na India. Viwanda mbalimbali, makopo mbalimbali, jua mbalimbali, na askari anayepaka upya kwa brashi yoyote iliyo karibu. Kijani kimoja cha kweli hakipo. Tunagombania kivuli, na ugomvi huo una faida moja kwetu: unatuzuia kuangalia kitu kingine.

Nitasema ni kitu gani. Tangu Urusi ilipoanza uvamizi wake mkubwa wa Ukraine, Februari 2022, picha za vifaru vilivyoungua zimezagaa. Kwa muundaji ni hazina. Unaona kutu inavyoanza siku chache tu baada ya moto, rangi ilivyobabuka, minyororo ilivyokatika na kulala matopeni. Jioni moja nilikuwa nakuza picha ya T-72 iliyong'oka mnara, nataka kuhesabu boliti za gurudumu la tatu. Pembeni, kwenye nyasi, kulikuwa na buti, na buti halikuwa tupu. Nikafanya nini? Nikaikata picha. Nikabakisha gurudumu. Nikaendelea kuhesabu, na boliti zangu zikatoka sawasawa.

Hayo ndiyo ninayoyaita usahihi wa mkasi. Tunapima kila kilichobaki baada ya kukata, kisha tunajisifu kwamba hatukukosea.

Kuna atakayesema mambo ya miili ni ya waandishi wa habari, sisi tunashughulika na mashine. Basi tuizungumze mashine. T-72 hubeba watu watatu, si wanne. Aliyepunguzwa ni mpakiaji wa mzinga, na kazi yake hufanywa na mtambo. Chini ya kamanda na mpigaji, sakafuni, kuna duara linalozunguka lenye makombora 22 pamoja na baruti yake. Mengine hupachikwa humo humo walimo watu. Silaha ya adui ikipenya na baruti hiyo ikashika moto, msukumo wa moto huo unaweza kuurusha mnara wenye uzito wa tani kadhaa. Kumwondoa mpakiaji ni mojawapo ya sababu za kifaru hiki kuwa kifupi, kama mita 2.2 hadi paa la mnara. Kwa 1/35 hizo ni sentimita sita na kidogo. Ule ufupi tunaousifu na kuupima kwa rula una bei yake, na bei hiyo imekaa chini ya viti.

Sasa niambie, ni wangapi kati yetu wanaoonyesha hayo? Maboksi yenye vipande vya ndani yapo. Lakini kifaru changu cha kwanza, kama vya wengi, nilikigundisha milango yote mitatu: wa dereva mbele, wa kamanda na wa mpigaji juu. Ndani palikuwa patupu. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alikishika kwa uangalifu, akakizungusha, akauliza, "Ndugu yangu, wa ndani wanatokea wapi?" Nilimwonyesha milango. Akaijaribu kwa ukucha. Haikufunguka. Akanirudishia bila neno. Majaji wangu wote, kwa macho yao makali, hawakuwahi kuuliza swali hilo.

Wengine husema: tuache siasa, tuunde tu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na siasa hiyo ilishukia bandarini kwetu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72. Waukraine na Warusi walikuwa mabaharia wa meli hiyo hiyo moja. Nahodha wake alifia mikononi mwa watekaji. Fidia ilipolipwa, meli iliachiwa Februari 2009, ikaja kushusha mzigo Mombasa. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vya jeshi lake. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja mwaka 2010 zilieleza kwamba safari yake ilikuwa ya Sudan Kusini.

Haya, bwana msahihi, unda kimoja cha hivyo 33. Vipande unavyo, picha unazo. Utabandika alama za jeshi gani? Ukiweka za Kenya, umechagua maelezo ya serikali. Ukiweka za Sudan Kusini, umechagua nyaraka zilizovuja. Ukiacha bila alama, umechagua kunyamaza. Hakuna njia ya nne, na wala kopo la rangi halitakusaidia. Kukataa siasa kwenye kifaru ni kama kukataa maji kwenye mtumbwi.

Kwa upande wa pili wapo wanaotuambia tutupe vyote, kwamba ni michezo ya watoto inayotukuza vita. Nao siwafuati. Kabla sijaunda T-72 nilidhani kifaru ni ngome inayotembea. Kuipima ndiko kulikonionyesha jinsi watu watatu walivyobanwa humo, wamekalia baruti. Mikono yangu imejua jambo ambalo hotuba za mashujaa hazikuniambia. Kazi hii ina thamani, na ndiyo maana nakasirika tunapoifanya nusu.

Sidai tuweke maiti mezani. Damu ya rangi ni rahisi kuliko hata kutu ya rangi, na huwa haina adabu. Nadai mambo matatu. Tufungue angalau mlango mmoja, na ndani yake kuwe na kiti. Kando ya kifaru tuweke mtu: wa mita 1.75 ni sentimita tano kamili kwa kipimo chetu, basi kila atazamaye aone mwili ulivyo mdogo mbele ya chuma. Na anayeunda kifaru kilichoungua, hasa cha vita ambayo bado inaua, aandike kwenye ubao wake ni cha jeshi gani, kiliungua wapi, lini, na waliokuwemo walipatwa na nini. Kama hajui, aandike hajui. Kama hataki kuandika, basi akiite pambo. Asikiite sahihi.

Mimi nimeanza na changu. Nilitia kisu kwenye gundi ya mlango wa kamanda, plastiki ikapasuka, na kipande kimoja kidogo hadi leo sijakiona. Mnara una ufa sasa. Jaji yeyote atanipunguzia alama, na atakuwa na haki.

Na wewe kijana, kama bado unacho kile kifaru cha kuchanganya, kilete tena. Safari hii nitakuuliza nilichoulizwa mimi.